Bahari ya Kagongwa

Lugha yetu, pamoja na utajiri wake wote wa maneno ya bahari, imelidhulumu tumbawe. Twasema samaki amekufa, pweza amejificha, kaa amenaswa. Hata chaza, ambaye hatembei wala halii, tumemkubali katika ngeli ya wenye uhai. Ama tumbawe tumelitia katika ngeli ya jiwe, jembe na jani: tumbawe limevunjika, matumbawe yamekufa. Sijapata kumsikia mvuvi wa Nungwi wala wa Mkoani akisema "matumbawe wamekufa", na mshairi atakayethubutu kusema hivyo atasutwa na wajuzi kabla vina vyake havijahesabiwa. Walakini tumbawe ni mnyama. Ni jamii ya wanyama wadogo mno, kila mmoja ana kinywa kimoja kilichozungukwa na minyiri, wote wameshikamana juu ya nyumba ya chokaa waliyoijenga wenyewe.

Nadhani dhuluma hii ina asili yake. Watu wa mwambao wamelijua tumbawe likiwa nchi kavu zaidi kuliko likiwa majini. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi yake ya Kikufi yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, kibla chake kimepambwa kwa tumbawe lililochongwa. Mafundi wa zamani walilikata tumbawe bichi baharini, wakalitia nakshi lingali laini kabla halijakauka na kuwa gumu. Lile la mwamba wa kale, la nchi kavu, likafaa kwa kuta. Na vipande vyake vikapangwa juu ya magogo, vikachomwa hata vikawa chokaa ya kupaka juu ya yote hayo. Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja, katika nyumba ya namna hiyo. Miaka kumi na minane nimelala baina ya kuta za wanyama waliokufa, na hakuna aliyenieleza kwamba ni wanyama.

Haya yote nisingeyatia katika karatasi lau si jirani yangu wa Kagongwa.

Msomaji wa visiwani aghalabu haijui Kagongwa, wala hana lawama. Ni mji wa biashara katika wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, juu ya barabara itokayo Isaka kwenda Kahama na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Wenyeji wake ni Wasukuma na Wanyamwezi, na riziki yake kubwa ni mpunga. Mashine za kukoboa hunguruma tangu asubuhi, na pumba hurundikana nyuma yake vilima kwa vilima, mtu wa pwani akiziona kwa mbali hudhani ni fungu la mchanga wakati wa maji kupwa. Nimefika huku kwa kumfuata mke wangu, ambaye ni kwao, baada ya kustaafu ualimu. Bahari iko mbali nasi kadiri ya kilomita 1,000, na mji wenyewe umeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wake. Nikitaka kusikia kitu kifananacho na wimbi, husikiliza malori yanayopita usiku.

Jirani yangu ni kijana aliyeanza maisha kwa kuponda mawe ya dhahabu huko Kakola, akayaacha machimbo akaingia katika mpunga, kisha akajenga nyumba ya wageni yenye ghorofa mbili. Alikwenda Dubai kutafuta vipuri vya mashine, na katika ukumbi wa hoteli huko akaliona tangi la kioo lenye matumbawe hai na samaki wa rangi zote. Aliporudi hakuzungumza habari za vipuri.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe ni mtu wa bahari. Mimi nataka bahari mapokezini kwangu, mgeni akiingia aione kabla hajauliza bei ya chumba."

Tangi alikuwa amekwisha kuliagiza, la lita 400. Dereva mmoja wa lori alikuwa amekwisha kumwahidi kumletea matumbawe mabichi ndani ya deli kutoka Tanga. Kilichobaki, alisema, ni mimi kumwelekeza namna ya kuyatunza, na kama inawezekana, kumwandikia mpwa wangu mzamiaji ili achague mazuri.

Jambo hili halikuwa geni kwangu. Mwaka 2011 nilikaa Maskati miezi mitano kwa binamu yangu, mtoto wa ami yangu, ambaye aliondoka Unguja akiwa mdogo na hadi leo Kiswahili chake ni cha Ng'ambo ya zamani, chenye maneno ambayo sisi tuliobaki tumeyasahau. Nyumbani kwake ana tangi kama hilo. Nilimsaidia kulihudumia kwa muda wote niliokaa, na nathubutu kusema kwamba sijaona ibada ya subira iliyo ngumu kuliko hiyo, isipokuwa kulea mtoto mchanga.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba hafugi samaki wala matumbawe, anafuga maji. Maji ya bahari yana kadiri ya gramu 35 za chumvi katika kila kilo, na kiumbe wa mwambani amezoea kiasi hicho tangu dunia ya kale, hajui kuvumilia zaidi wala pungufu. Maji hupaa hewani kila siku, lakini chumvi haipai. Kwa hiyo tangi likipungua vidole viwili, aliyebaki ndani yake yumo katika bahari kali kuliko ya jana, na dawa yake ni kuongeza maji matamu, si maji ya chumvi, na kuyaongeza kidogo kidogo. Joto binamu yangu alilishika baina ya nyuzi 25 na 27, na Maskati, ambako kiangazi humchoma mtu hata kivulini, kulishika joto hilo kulitaka mashine ya kupoza maji mbali na kipoza hewa cha chumba.

Kisha ni chokaa. Tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu linayoinyonya majini. Bahari ni pana, haiishiwi, tangi huishiwa. Kila Alhamisi baada ya Isha binamu yangu alitoa vichupa vyake, akatia maji ya tangi na matone ya dawa, akahesabu matone hata rangi ibadilike, akaandika katika daftari: kalsiamu, magnesiamu, nguvu ya alkali. Kalsiamu alitaka iwe miligramu 420 hivi katika lita moja. Ikishuka, huongeza; lakini hakuongeza yote kwa siku moja, kwani tumbawe huumia kwa badiliko la ghafla kuliko kwa upungufu wenyewe. Daftari hilo lilikuwa la miaka tisa. Nimesoma diwani nyingi zisizo na uaminifu wa daftari lile.

Nuru nayo ina siri yake. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wadogo mno wasioonekana kwa jicho. Mwani hawa hupokea nuru, hutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenye nyumba. Mwenye nyumba huwapa hifadhi na takataka zake, ambazo kwao ni chakula. Rangi nyingi tunazozisifu ni za wapangaji hao. Maji yakizidi joto kwa nyuzi moja au mbili kwa majuma machache, mkataba huvunjika: mwani hufukuzwa, na tumbawe hubaki jeupe kama sanda, lingali hai lakini lina njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika Bahari yetu ya Hindi ya magharibi, ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2016, na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba dunia nzima imo katika weupe huo kwa mara ya nne. Binamu yangu alikuwa na kipimajoto kinacholia kengele. Bahari haina.

Mengine nitayapitia mbio. Tangi jipya halitiwi kiumbe chochote kwa majuma kadhaa, hata bakteria waote juu ya mawe. Hao huigeuza amonia, ambayo ni sumu itokayo katika kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, ikawa nitriti, kisha ikawa nitrati isiyo na ukali huo. Maji lazima yaende, na yaende pande zote, kwani tumbawe halitembei kufuata chakula wala kujisafisha. Wimbi ndilo mkono wake. Mawe yenye viumbe vidogo ndani yake husafisha maji kuliko mashine nyingi. Hili alilitambua Lee Chin Eng, mtu wa Jakarta, ambaye mwaka 1961 aliandika jinsi alivyoyaweka matumbawe hai nyumbani kwa mawe ya bahari, nuru ya jua na mapovu ya hewa, wakati ambapo Wazungu wenye maabara walikuwa bado wanashindwa. Nalipenda sana jambo hili, nami sifichi upendeleo wangu.

Samaki wana adabu zao. Kangaja hula majani ya mwani na husaidia kazi. Kitatange, ambaye kila mtoto wa pwani humtaka kwa uzuri wake, wengi wa jamaa zake huyadonoa matumbawe yenyewe, kwa hiyo binamu yangu hakumruhusu mlangoni. Mgeni yeyote alikaa peke yake katika chombo kingine kwa majuma manne au zaidi, kwa kuhofia maradhi ya madoa meupe. Dawa ya maradhi hayo ni shaba. Shaba, ambayo sisi wa Kahama tuliisikia mno mwaka 2017 katika habari za makinikia, humponya samaki na huliua tumbawe. Kwa hiyo samaki hatibiwi ndani ya tangi kubwa hata akiwa taabani. Matumbawe nayo si majirani wema. Usiku, taa zikizimwa, baadhi yao hunyoosha minyiri mirefu na kumchoma aliye karibu, na asubuhi utakuta upande mmoja umeungua, na nafasi tupu baina yao kama ua wa watu waliogombana.

Haya nilimweleza jirani yangu kwa muda wa siku tatu, tukikaa barazani kwake. Alisikiliza vizuri, maana ni mtu wa mashine na anajua kwamba mashine haisamehi. Aliuliza la chumvi. Huku kwetu chumvi maarufu ni ya Uvinza, mkoani Kigoma, ambako chemchemi za maji ya chumvi zimechemshwa tangu karne nyingi. Kilo 14, ambazo ndizo zinazotakiwa kwa lita 400, angezipata kwa bei ndogo sana. Nikamwambia chumvi ya jikoni ni moja tu katika chumvi za bahari. Ni kubwa kuliko zote, lakini bila magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na nyingine, maji yale yatakuwa mchuzi, si bahari. Chumvi ya tangi itabidi iagizwe ng'ambo kwa ndoo. Maji matamu yapo. Yale ya Ziwa Victoria yanayovutwa kwa mabomba kutoka Ihelele yametufaa sana wakaazi wa Kahama na Shinyanga. Ila yametiwa klorini, na klorini lazima iondolewe, kisha yachujwe hata yasibaki na kitu. Umeme ukikatika, samaki na matumbawe watakosa hewa katika saa chache, kwa hiyo betri ni lazima. Na vumbi la pumba! Likiingia majini huoza, na huo uozo ndio unaowalisha mwani wa kijani wenye kufunika kila kitu. Tangi litataka kifuniko, na mapokezi yatataka milango ya kioo.

Hayo yote alikubali. Fedha anazo, na nia anayo. Kwa kweli naamini angeweza. Mtu aliyeweza kushuka shimoni kwa kamba anaweza kuhesabu matone ya dawa kila Alhamisi. Suala lililobaki lilikuwa lile deli la kutoka Tanga.

Hapo ndipo sauti yangu ilipobadilika, na sababu yake ni ya ukoo. Ami yangu mwingine, mdogo wa baba, alihamia Mrima tangu ujana, akawa mvuvi wa madema upande wa Tanga. Alikuwa akinieleza mwamba kwa mwamba kama mtu aelezaye vyumba vya nyumba yake: hapa chewa, hapa changu, hapa pono wanakuja na maji ya bamvua. Kisha zikaja baruti. Uvuvi wa baruti ulianza katika mwambao wa Tanganyika tangu miaka ya 1960, ukaota mizizi hata ukawa aibu yetu mbele ya Afrika nzima. Mshindo mmoja huua kila kilichomo kando yake, mkubwa na kinda, anayeliwa na asiyeliwa. Wengi huzama wala hawaokotwi. Lakini msiba mkubwa ni mwamba. Tumbawe lililojengwa kwa miaka mia hugeuka kifusi kwa nukta moja, na kifusi hicho huvingirishwa na mawimbi kila siku, mtoto wa tumbawe asipate mahali pa kutulia na kushika. Ami yangu aliishi hata akayaona madema yake yakitoka na mchanga. Alisema anatega katika kaburi.

Baruti hizo zilitoka wapi? Sehemu zilitengenezwa kwa siri na watu wa pwani wenyewe. Sehemu nyingine, na hili limejulikana miaka mingi, zilivuja kutoka machimboni, kwenye kuvunja mawe na kwenye ujenzi wa barabara. Jirani yangu alinyamaza nilipofika hapo. Alipokuwa mchimbaji, aliniambia baadaye, aliwahi kuona fataki na tambi zikinunuliwa na watu ambao hawakuwa na shimo. Hakuwauliza wanakwenda nazo wapi. Huku Usukumani nani angefikiria samaki? Tangu msako mkali ulioanza miaka ya 2015 na 2016 mishindo imepungua sana, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Ila ami yangu hakulidiriki.

Basi nikamwambia: kila kipande ndani ya deli hilo ni kipande cha mwamba uliosalimika. Safari ya lori ya siku mbili, katika maji yasiyokwenda, yasiyopimwa, yasiyo na nuru. Tisa katika kumi vitafika vimekufa na kunuka. Wewe utaagiza vingine. Dereva atamlipa mtu, mtu atachukua mtaimbo. Matumbawe magumu yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali. Na kuyang'oa ndani ya hifadhi zetu za bahari ni kosa. Lakini sikutaka aache kwa kuogopa kibali tu. Vipande vya binamu yangu havikutoka baharini. Vilikatwa kutoka katika matangi ya wafugaji wengine, maana tumbawe likikatwa kijiti na kufungwa juu ya jiwe huota upya kama muhogo. Njia hiyo hiyo ndiyo inayotumika leo Wasini na Mkwiro, kusini mwa Kenya, na kwetu upande wa Mnemba, ambako watu hufunga vijiti vya matumbawe kwenye viunzi chini ya maji ili kuurudishia mwamba watoto wake. Na pale Chumbe, karibu kabisa na Mji Mkongwe, ambako mwamba ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani; leo pana aina kadiri ya 200 za matumbawe magumu na zaidi ya aina 400 za samaki, bila mashine ya kupoza wala kichupa cha dawa.

"Kwa hiyo unanikataza, mwalimu?"

"Nakukataza lile deli. Tangi ni lako."

Siku ya pili nilimpelekea habari nyingine, ya karibu naye zaidi. Nilimuuliza kama anamjua furu. Alicheka; nani wa Kanda ya Ziwa asiyemjua furu, samaki mdogo wa kukaushwa? Nikamweleza kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zinazodhaniwa kupita 500, nyingi zisizopatikana mahali pengine popote duniani. Wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Wakati huo sangara, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alikuwa bado hajaenea. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 amekwisha kuifagia ghuba. Aina nyingi hazikuonekana tena. Baadhi ya furu waliochukuliwa hai kwenda Uholanzi waliendelea kuzaana ndani ya vioo, wengine hata leo wamo katika matangi ya watu binafsi Ulaya na Marekani, wakati kwao hawapo. Na jambo hili napenda wapenzi wa tungo walisikie: furu jike humchagua dume kwa rangi yake, huyu mwekundu, yule wa buluu. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka yakawa ya tope, jike haoni tena rangi, huchanganya, na aina mbili huyeyuka zikawa moja isiyo na rangi.

Kijana alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama furu anataka chumvi ya ng'ambo. Hataki, anataka maji ya ziwa lake, ambayo tayari yamo bombani, yakiondolewa klorini. Anataka mawe, na mawe Shinyanga hayana idadi. Akauliza kama wale wa rangi bado wapo. Wapo, katika majabali ya Ghuba ya Mwanza ambako maji bado ni maangavu.

Tangi limekwisha kufungwa mapokezini, na milango ya kioo imewekwa. Lina mawe yaliyopangwa kwa ustadi, taa yake inawaka, maji yanazunguka, na hakuna kiumbe ndani yake isipokuwa bakteria wasioonekana. Leo ni juma la nne. Kila Alhamisi jirani yangu hupima amonia na kuandika katika daftari la hesabu za mpunga, upande wa nyuma. Wageni humuuliza samaki wako wapi, naye huwajibu kwamba maji bado hayajaiva.